Jiko Liacheni Liwake

Kabla hamjaniuliza tena, vijana wangu, niseme mapema: habari za mshahara sitaandika, na za vyeo vilevile. Mshahara uliliwa zamani, na kila cheo nilichopewa kilikuja na funguo nyingi zaidi, basi. Mwezi uliopita nilipozirudisha hizo funguo mlinishika mkono mlangoni, mkataka niwaeleze kazi ya ukumbi ilivyokuwa kabla ya hizi sinema zenu za mfukoni. Haya, nimekaa mezani na kalamu. Anayetaka kucheka acheke, lakini asiruke ukurasa.

Nilianza kazi pale ukumbini, mtaa wa Jericho, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliandikwa kufagia na kupanga mabenchi. Siku ya kwanza niliripoti saa moja asubuhi nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu mama alisema mtu haanzi kazi na sandali. Kufika saa nne visigino vilikuwa vimechubuka, nikawa nafagia miguu mitupu. Jukwaani alikuwa amechuchumaa mzee mmoja, ameinamia mashine iliyofunguliwa tumbo. Hakuinua kichwa. "Wewe mwenye miguu," akaniita, "nisogezee taa." Huyo ndiye Mzee Kilonzo, mwonyesha filamu wetu, aliyekuja kuwa mwalimu wangu. Jina langu ni Bilha, lakini ilimchukua miezi mitatu kulitumia.

Ile projekta ilinizidi umri. Mpira wake wa kuzungushia magurudumu ulikuwa umekatika zamani, na mahali pake Mzee Kilonzo alitia mwingine aliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Filamu ilikuja imezungushwa kwenye magurudumu ya bati, na kila gurudumu tuliliita mkanda. Filamu moja ilikuwa na mikanda mitatu. Mkanda ukikatika, unakata ncha zote mbili kwa wembe, taratibu kama unayemkata mtoto mchanga kucha, unaunga kwa utepe, unamwomba Mungu. Balbu huishiki kwa vidole vitupu, mafuta ya mkono huipasua. Na usithubutu kusimamisha mkanda taa ikiwa inawaka. Picha itaungua ukiiona, kwanza doa la kahawia, kisha shimo. Skrini yetu ilikuwa shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja. Nilizifua mwenyewe kila Jumatatu, na nasema bila haya kwamba mitaa yote ya Eastlands haikuwa na ukumbi wenye shuka nyeupe kuliko zetu.

Madirishani tulitundika mablanketi, maana filamu za watoto zilionyeshwa mchana. Wakati mwingine filamu ilikuwa moja na kumbi mbili, wao Dandora na sisi Jericho. Wakimaliza mkanda wa kwanza, mtu wa baiskeli anauleta kwetu mbio huku wao wakiendelea na wa pili. Siku moja mkanda wa tatu ulifika kabla ya wa pili, na watoto wakamwona mtu akizikwa kabla hajaugua. Hakuna aliyelalamika. Mmoja alisema tu kwamba huyo mzee amepona haraka.

Sasa, filamu zilizungumza Kiingereza, tena cha puani. Kwa hiyo ukumbi ulikuwa na msemaji. Huyo aliketi kando ya shuka na maiki, sauti ya filamu inapunguzwa, naye anaeleza kwa Kiswahili mambo yanavyokwenda. Msemaji wetu alikuwa bingwa wa filamu za ngumi. Alipoletewa ya kwanza ya watoto alisema yeye si yaya, akaondoka kwenda kunywa supu. Mzee Kilonzo akatazama huku na huku, akaniona na ufagio. "Wewe una sauti," akasema. "Kila siku nakusikia ukifukuza mbuzi. Shika."

Nilishika. Niliisogeza maiki karibu mno mpaka ikawa inagonga meno. Baada ya onyesho aliniita pembeni, akanipa sheria moja ambayo naipitisha kwenu kama nilivyoipokea. "Sema unachokiona kwenye shuka. Usichokiona, funga mdomo." Nilimwitikia ndiyo, mzee. Kuitikia ni rahisi, na ulimi hauna mfupa.

Desemba ikaja na filamu ya Krismasi. Ilikuwa na theluji, paa wenye pembe ndefu wanaovuta gari lisilo na magurudumu, na yule mzee wa nguo nyekundu na ndevu nyeupe. Watoto walikuwa wakimwita Fatha Krismasi. Mimi nikamwita Babu Krismasi. Neno baba lilikuwa na kesi kwenye nyumba nyingi. Wengine baba alikuwa kiwandani zamu ya usiku, wengine hawakujua aliko. Babu hakuna aliyemgombania. Ukumbi ulijaa pomoni. Watoto wa Kiislamu kutoka upande wa pili wa mtaa nao walikuja, theluji haina dini.

Benchi la mbele kabisa aliketi msichana wa miaka sita, Nafula, amekunja miguu chini ya sketi. Alikuwa binti wa pekee wa Mama Nafula, mpika chapati wa karibu na soko la Jericho, mama wa kutoka Busia aliyekuwa akimlea peke yake. Huyo mtoto hakuwa na swali dogo. Theluji ilipoanza kuanguka alisimama. "Anti, huo ni unga?" Nikamwambia si unga, ni barafu laini. "Nani anaimwaga?" Nikamwambia akae chini.

Kisha ikafika ile sehemu. Babu Krismasi yuko juu ya paa la nyumba na gunia lake, anaingia ndani ya dohani, lile bomba la moshi, anashuka. Huko chini ni mahali pa kuotea moto. Watoto wote wakapiga kelele, "Anti! Huyo buda atachomeka!" Nafula alikuwa ameziba macho, analia kwelikweli, machozi yanapita katikati ya vidole.

Ningesema nini? Kwenye shuka hakukuwa na jibu, tulionyeshwa tu miguu inashuka. Nikafungua mdomo wangu. "Msiogope," nikasema, "hachomeki. Wenye nyumba walizima moto mapema. Nyumba yenye jiko linalowaka Babu huipita. Pale jiko limezimwa, ndipo huingia." Ukumbi ukashusha pumzi. Nafula akaondoa mikono machoni. Mimi nikajipongeza moyoni: Bilha, umezaliwa na kipaji. Nyuma ya projekta Mzee Kilonzo alikohoa mara moja. Sikujua bado kwamba alikuwa hakohoi bure.

Siku moja kabla ya Krismasi tulikuwa na onyesho la saa nane mchana. Mnajua ile siku Eastlands ikoje. Kila mlango una jiko nje, kila jiko lina karai au sufuria, redio zote ziko juu, na harufu ya chapati inakufuata mpaka chooni. Siku hiyo kwa mama yeyote Jericho jiko ni kama moyo wa mtu. Na siku hiyohiyo, kabla ya kuja kwenye filamu, watoto wangu watiifu walikumbuka neno la Anti wao.

Wengi walifukuzwa kabla hawajafika kwenye jiko. Mmoja alimwagia maji jiko la maharagwe ambayo hayajaiva, akapigwa na nyanya yake. Lakini Mama Nafula alikuwa amekwenda dukani kuongeza mafuta, makaa yamekolea mekundu, unga umeshakandwa, na nusu ya majirani wa laini yake ya nyumba wameshaagiza chapati za sikukuu. Nafula alichukua jagi la maji baridi akamimina lote. Ninyi mnaopika kwa gesi hamjui: jiko la makaa lina bakuli la udongo ndani, na udongo wa moto ukipigwa maji baridi haukuvumilii. Ulilia pa, ukapasuka vipande vitatu. Maji yakimwagika hayazoleki, na jiko lililopasuka siku hiyo hakuna wa kukuazima lake.

Aibu yangu iko hapa. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa majiko Shauri Moyo. Nimekulia kwenye nyundo na mabati. Mtoto wa pale hujua kabla ya kujua kusoma kwamba jiko la moto halimwagiwi maji. Na bado nilisimama na maiki nikawaambia watoto wa watu wazime majiko.

Tulikuwa katikati ya mkanda wa pili mlango ulipofunguka kwa kishindo. Mwanga wa mchana ukaingia, ukafuta kila kitu kwenye shuka. Watoto wakapaza sauti, "Funga mlango!" Kisha wakaona ni nani, wakanyamaza. Mama Nafula alikuwa amesimama pale na leso yake ya njano kichwani, unga mpaka kwenye viwiko, mkono mmoja umemshika Nafula bega. Mtoto alikuwa amelia mpaka kwikwi zimembana.

"Nani aliambia huyu mtoto azime jiko?"

"Ni Anti!" ukumbi mzima ukajibu, na vidole vyote vikanielekea. Sikuwalaumu. Waliulizwa swali, wakajibu.

Akaja mpaka mbele, akasimama karibu hivi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. "Bilha," akasema, "mimi husimama kwenye moshi mwaka mzima. Macho yangu haya, angalia. Mwaka mzima ndiyo nimpatie huyu rinda moja la Krismasi. Leo nimemuuliza, kwani rinda huletwa na nani? Ananiambia ni Babu Krismasi. Mimi, mamake, sijatajwa! Mzee ambaye hajawahi kununua hata kiberiti ndani ya hiyo nyumba! Sasa mwambie. Mwambie na hiyo maiki, hapa hapa, wote wasikie: huyo mzee hayuko. Mwambie ni nani ananunua."

Projekta ilikuwa bado inazunguka. Mzee Kilonzo akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya katikati ya mkanda. Alizima taa ya balbu, akasimamisha magurudumu. Watoto zaidi ya mia moja wakanitazama mdomo. Nilimwangalia yeye anisaidie. Alikuwa anafuta lenzi na pindo la shati.

"Ulisema usichokiona," akaniambia. "Kirekebishe."

Nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa hivyo kazini, hata ile siku nyaya zilipowaka moto. Nikikubali, nawavunja watoto wote moyo siku moja kabla ya Krismasi. Nikikataa, namvunja mama wa watu mbele ya mtoto wake, tena baada ya kumvunjia jiko. Nikaishika maiki kwa mikono miwili.

"Watoto," nikasema, "Anti amekosea."

Hiyo pekee iliwashtua kuliko filamu. Mtu mzima kukosea, tena kwenye spika!

"Nilisema jiko lizimwe. Mliona mahali Babu aliposema hivyo?"

"Hapana."

"Hata mimi sikuona. Nilijitungia. Sasa tuangalie vizuri. Huyu Babu anatoka wapi?"

"Kwenye theluji!"

"Huko kuna joto ama baridi?"

"Baridi!"

"Mgeni akija kwenu anatetemeka na baridi, mnamzimia jiko?"

Nafula ndiye aliyejibu, katikati ya kwikwi. "Tunamwashia."

"Sasa hapo umesema. Na kwenu nani huwasha jiko?"

"Mathe!" Ukumbi ulitikisika.

"Basi jiko ni la mama, na moto ni wa mama. Jiko liacheni liwake. Pasipo na moto wa mama hakuna Krismasi, hata mtu avae nyekundu namna gani. Mmesikia?"

Walisikia. Walipiga makofi, na wengine wawili wakachomoka mbio kwenda nyumbani, nadhani kuna mahali palikuwa bado pametota. Nikamgeukia Mama Nafula nikidhani nimeshapita mtihani. Alikuwa ananitazama kama mtu anayepima unga.

"Umesema vizuri," akasema. "Lakini hukusema nilichokuomba."

Alikuwa na haki. Nilimwahidi kitu kimoja pale pale: mtoto wake hatasikia uongo mwingine kutoka kwangu. Mzee Kilonzo akaniambia niweke maiki chini, niende, mkanda wa tatu ataueleza yeye. Nilisikia baadaye kwamba aliueleza wote kwa maneno kumi na mawili hivi, mengine yakiwa "sasa" na "haya".

Nilikwenda Shauri Moyo kwa miguu, karibu kukimbia. Baba alikuwa bado anagonga bati, sikukuu au la. Nilipomweleza alitua nyundo chini, akacheka mpaka akakohoa, kisha akakasirika. "Binti wa fundi wa majiko!" akasema. "Watu watasema nakutuma ili niuze." Alinichagulia jiko kubwa lililokuwa limekauka vizuri. "Moto mdogo kwanza. Jiko jipya halipelekwi kwa pupa." Nikalitwika kichwani nikarudi nalo Jericho, na viatu vya kanisani sikuwa nimevaa, ashukuriwe Mungu, nilikuwa nimejifunza.

Mama Nafula aliliangalia jiko, akaligonga kwa kidole, akasikiliza mlio. Hakusema asante. Alinipa kifimbo cha kusukumia. Nikasukuma chapati mpaka mabega yakaniuma, yeye akichoma, Nafula akipepea makaa kwa kifuniko cha sufuria. Majirani walikuja mmoja mmoja na hotpoti zao za kuwekea chapati, na kila mmoja alitaka kujua kama ni kweli msemaji wa filamu ndiye anayesukuma. Chapati zangu zilikuwa na pembe. Mama Nafula aliziweka chini, zake juu.

Unga ulipopungua nikainuka kufungua debe la unga lililokuwa chini ya kitanda. "Hilo usiguse!" akafoka, kisha akanikonyeza kuelekea kwa mtoto. Nilielewa. Nikakaa.

Alipotoka kupeleka chapati nyumba ya tatu, Nafula aliacha kupepea. "Anti."

"Eh."

"Umesema ulijitungia. Na Babu, ulijitungia?"

Nilikuwa na unga mikononi na ahadi shingoni. Nikamjibu vile ningetaka kujibiwa. "Mimi nasema ninachokiona, Nafula. Babu nimemwona kwenye shuka tu. Ndani ya nyumba sijawahi kumwona. Wewe una macho. Ukimwona, utaniambia."

Alifikiri sana, uso umekunjwa. "Nikimwona nitakwambia," akasema, akaendelea kupepea.

Siku ya Krismasi nilimwona kanisani na rinda la rangi ya machungwa, kola nyeupe. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Je, ulimwona?" Alinitazama, akatabasamu upande, akasema, "Bado nachunguza." Mwaka uliofuata nikamuuliza tena. Bado anachunguza. Ikawa salamu yetu.

Na mamake, kila Desemba, alipitia ukumbini na karai la chapati za kuuzia watu mlangoni, na kila Desemba alinitupia neno moja. "Bilha, msalimie yule mzee wako anayevaa sifa zangu." Alisema akicheka. Lakini nilimjua sasa, tulikuwa marafiki, na nilisikia pale chini ya kicheko palikuwa bado panauma. Siku moja aliniambia waziwazi, "Sitaki zawadi. Nataka siku moja tu ajue." Nikamwambia mtoto si mjinga, huenda anajua. "Kama anajua, mbona hajawahi kusema?" Ahadi yangu ilikuwa kutosema uongo. Kusema ukweli wote haikuwa kazi yangu, ilikuwa yake, naye hakutaka kujisemea. Mwanamke atajisifuje kwa mtoto wake mwenyewe?

Miaka ile ilikuwa mizuri, nami najivunia kuisema. Nilieleza filamu za wanyama, za wafalme, za mbwa waliopotea. Nilijifunza kwamba maiki huwekwa kidole kimoja kutoka mdomoni na si viwili. Nilijifunza Sheng ya watoto, na kila nilipoishika walikuwa wameshaitupa. "Anti, hiyo ni ya kitambo." Nilieleza mikanda iliyokuja bila mwanzo na mingine bila mwisho. Na tangu ile siku ya jiko, sikuongeza neno lisilokuwa kwenye shuka. Wasemaji wa kumbi nyingine walikuwa na chumvi kuliko mimi, nakubali. Lakini nilipokosea watoto waliniambia, nilipokuwa sahihi walitulia, na mama zao waliwaacha kwangu bila kuchungulia.

Nafula alipofika darasa la tano alianza kuja Jumamosi asubuhi kunisaidia kufua shuka. Darasa la sita akaniomba maiki, nikampa filamu fupifupi za katuni. Nilimpa na sheria: sema unachokiona. Alikuwa na sauti kavu, isiyo na haraka, na watoto walimpenda kwa sababu hakuwabembeleza. Mzee Kilonzo alimsikiliza siku moja mpaka mwisho, akaniambia, "Huyu atakupita." Sikuona wivu. Nilijisikia kama nimefua shuka ikatoka nyeupe.

Halafu zikaja video. Kila kona kibanda, kila kibanda televisheni. Benchi zetu za nyuma zikabaki tupu, kisha za katikati. Mwishoni mwa miaka ya tisini tukaambiwa projekta itapumzishwa baada ya Krismasi. Mzee Kilonzo alikuwa ameshastaafu, lakini alikuja kuiendesha mara ya mwisho, amevaa tai. Akachagua mwenyewe filamu: ileile ya Desemba yangu ya kwanza, ya Babu Krismasi, sasa imeungwaungwa kwa utepe kiasi kwamba paa walikuwa wanaruka hatua.

Watoto wapya walijaa benchi za mbele. Baada ya mkanda wa pili Nafula alinijia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, anajiandaa kuingia darasa la nane, ananizidi kimo. "Anti," akasema, "mkanda wa tatu nipatie mimi."

Mkanda wa tatu ndio wenye sehemu ambapo Babu anaingia chumbani kwa mtoto aliyelala, anaweka zawadi, anaondoka. Nikampa maiki, nikaenda nikasimama nyuma karibu na mlango. Mama Nafula alikuwa pale na karai lake limefunikwa kitambaa, leso kichwani. "Nimeona umempa mtoto wangu kazi ya kumsifu mpinzani wangu," akaninong'oneza.

Kwenye shuka chumba kikatokea. Mtoto amelala. Mlango unafunguka polepole, na yule mzee wa nguo nyekundu anaingia, mabega yake yana theluji.

"Babu ameingia," Nafula akasema kwenye spika. "Anatembea na ncha za vidole, hataki mtoto aamke. Amefunga leso ya njano kichwani."

"Wapi leso?" watoto wakaguna.

"Ana unga mpaka kwenye viwiko."

"Ni theluji hiyo!" wakapiga kelele. "Hana leso, Anti Nafula! Angalia vizuri!"

"Mimi nasema nilichokiona," Nafula akajibu, sauti ileile kavu. "Anainama chini ya kitanda. Anavuta debe la unga. Anatoa rinda la rangi ya machungwa, limefungwa kwa karatasi ya nailoni. Analikung'uta. Kola imeingia unga, anaipuliza, fuu, fuu, kidogo kidogo. Sasa analiweka kwenye kiti. Anamtazama mtoto. Amechoka sana Babu huyu, amesimama kwenye moshi siku nzima, lakini bado anamtazama. Mtoto angetaka kumwambia asante. Anaogopa akifungua macho Babu atajua kwamba siri yake imeonekana, na anapenda sana siri yake. Kwa hiyo mtoto ananyamaza."

Watoto walikuwa wamekwisha kumzoea, wakaendelea kubishana wao kwa wao kama lile lilikuwa rinda au gari la kuchezea. Mzee Kilonzo alikuwa ameondoa mkono kwenye mashine. Hakukohoa.

Karai lilikuwa limeshuka lenyewe mpaka kwenye benchi tupu la nyuma, na Mama Nafula ameketi kando yake, viganja vyote viwili vimefunika mdomo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Akanivuta mkono.

"Bilha," akasema. "Kumbe hakuwa amelala."

Nikamwambia anyamaze, mkanda ulikuwa haujaisha.